Waya Uliopigwa Msasa

SEREMALA: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siifahamu.

MWALIMU: Ni mimi, baba. Shikamoo.

SEREMALA: Mimi nani? Huku mashine ya jirani inapasua mbao, sema kwa —

MWALIMU: Mkweo, baba. Mama wa mjukuu wako. Shikamoo.

SEREMALA: Aa, mwalimu. Marahaba. Lakini si uliniamkia alfajiri, mkoba ukiwa begani? Anayeamkia mara mbili kwa siku moja ana shida.

MWALIMU: Ninayo.

SEREMALA: Umechelewa.

MWALIMU: Sijachelewa. Nipo hapa chuoni, nje ya chumba cha usaili. Simu zetu wamezikusanya mezani. Hii ni ya mlinzi wa getini, yupo hapa amekalia tofali, kanihurumia tu. Baba, mota haizunguki.

SEREMALA: Haizunguki vipi?

MWALIMU: Haizunguki. Nimesema niijaribu kabla sijaingia, pale kwenye benchi la kungojea. Inatikisika huku na huku kama mtu anayekataa chakula, kisha inasimama.

SEREMALA: Jana ilizunguka. Niliiona kwa macho yangu. Mtoto alisahau kula.

MWALIMU: Ndiyo maana nakupigia.

SEREMALA: Betri imekufa.

MWALIMU: Betri ni nzima. Nimeitia kwenye tochi ya mlinzi, inawaka vizuri.

SEREMALA: Basi sumaku. Nilikwambia, kitu kilichotolewa kwenye spika mbovu —

MWALIMU: Sumaku inafanya kazi, baba. Imenikamata funguo mkobani njia nzima.

SEREMALA: Zile pini mbili za nepi, ulizozisimamisha zikashika waya. Zimelegea. Barabara ile ina mashimo —

MWALIMU: Hazijalegea. Kile kibao ulichonitengenezea hakijayumba hata kidogo. Hapa kila mtu anakitazama. Mmoja ameniuliza nimekinunua wapi.

SEREMALA: Ulimwambia?

MWALIMU: Nilimwambia.

SEREMALA: (anakohoa) Mm. Sasa kama betri nzima, sumaku nzima, kibao kizima, kilichobaki ni nini?

MWALIMU: Kilichobaki ni koili. Ile pete ya waya.

SEREMALA: Pete ile nayo ni nzima. Mimi mwenyewe —

(mtandao unakwaruza)

MWALIMU: Wewe mwenyewe nini, baba? Sijasikia.

SEREMALA: Nasema ni nzima.

MWALIMU: Baba, naomba nikuulize jambo, na unisamehe mapema. Asubuhi nilipokuwa naoga, koili ilikuwa juu ya meza.

SEREMALA: Ilikuwa juu ya meza, ndiyo.

MWALIMU: Kuna mtu aliishika?

SEREMALA: Mtu gani? Nyumba ina watu watatu. Mmoja alikuwa amelala, mwingine anaoga.

MWALIMU: Ndiyo, baba.

SEREMALA: Niliishika mimi.

MWALIMU: Uliishika tu?

SEREMALA: Niliimalizia.

MWALIMU: Ulii —

SEREMALA: Ncha moja uliikwangua vizuri, pande zote. Ya pili ukaikwangua upande mmoja, upande wa pili ukauacha na ule utando wake mwekundu. Nikasema, maskini, mtoto wa watu kachoka, kalala kazi ikiwa nusu. Nikachukua msasa laini, ule wa kumalizia vitanda vya maharusi, nikauzungusha mpaka shaba ikang'aa. Kisha nikaifuta kwa kitambaa. Sikutaka wakuone mvivu.

(kimya)

SEREMALA: Haloo? Umekatika?

MWALIMU: Nipo, baba.

SEREMALA: Mbona kimya?

MWALIMU: Mtandao.

SEREMALA: Mtandao haupumui hivyo.

MWALIMU: Baba, ile nusu ilikuwa ya makusudi.

SEREMALA: Makusudi gani ya kuacha kazi nusu?

MWALIMU: Ndivyo inavyozunguka. Waya ule una utando usiopitisha umeme. Pale nilipokwangua, umeme unapita. Pale nilipoacha, haupiti. Sasa koili ikigeuka nusu inapata umeme, sumaku inaisukuma. Ikigeuka nusu ya pili inaukosa, inakwenda kwa mbio zake yenyewe mpaka irudi kusukumwa tena.

SEREMALA: Na ikipata umeme wakati wote?

MWALIMU: Sumaku ikishaisukuma kwenda, inaisukuma kurudi. Inabaki inatikisa kichwa.

SEREMALA: Hapo sikuelewi. Umeme mwingi si ndiyo nguvu nyingi?

MWALIMU: Fikiria mtoto kwenye bembea. Unamsukuma, kisha unaachia. Usipoachia, ukabaki umeishika kamba, ataenda wapi?

SEREMALA: Haendi popote.

MWALIMU: Ndiyo hivyo.

SEREMALA: Kwa hiyo nimekuharibia.

MWALIMU: Sijasema hivyo, baba.

SEREMALA: Hukusema kwa sababu una adabu. Mwanangu angekuwa hai angelisema mbele ya wateja.

MWALIMU: (anacheka kidogo) Angelisema.

SEREMALA: Wamefika mtu wa ngapi?

MWALIMU: Bado wawili kabla yangu. Mmoja yupo ndani. Kila anayetoka anafuta jasho. Tuko benchi zima, baba, na wanamtaka mwalimu mmoja. Sharti ni moja, ufundishe somo kwa kifaa ulichotengeneza kwa mkono wako. Ningekuwa na waya mwingine ningezungusha upya, lakini — ndiyo, kaka, namalizia. Ndiyo. Samahani, ni mlinzi.

SEREMALA: Mwambie nitamtengenezea kigoda.

MWALIMU: Baba.

SEREMALA: Mwambie. Mlinzi anayekaa kwenye tofali hulala akiwa amenuna.

MWALIMU: Kaka, mzee anasema atakutengenezea kigoda. Hapana, si utani, ni seremala. (kicheko cha mbali) Anasema basi tuongee tu.

SEREMALA: Unaona. Sasa tulia. Unatembeatembea?

MWALIMU: Umejuaje?

SEREMALA: Kokoto zinasikika. Simama mahali pamoja.

MWALIMU: Na wewe unapiga msasa. Nausikia.

SEREMALA: Mkono tu. Naujua mlango wa kabati la watu, hata nisipouangalia.

MWALIMU: Ungeuacha kidogo.

SEREMALA: Nimeuacha.

(msasa unasikika tena, kisha unakoma)

SEREMALA: Uliza.

MWALIMU: Niulize nini?

SEREMALA: Hicho kilichokukwama kooni.

MWALIMU: Hakuna kilichonikwama, baba.

SEREMALA: Mimi ningeuliza. Ningesema, mzee huyu, shule yangu hainitaki tena muhula ukiisha. Nimepata usaili wa chuo, chuo kinatoa na nyumba, nitahama na mjukuu wake. Yeye anabaki na paka, na paka mwenyewe wa jirani. Halafu asubuhi ya siku yenyewe anaamka kabla ya watu, anashika msasa —

MWALIMU: Mimi sijauliza hayo.

SEREMALA: Wala hutauliza. Nakujua.

MWALIMU: Na wala sijayafikiria.

SEREMALA: Hapo sasa unanidanganya, na hujazoea, sauti inakukatika.

MWALIMU: Nilipokwambia habari za nyumba ya chuo, nilikwambia ina vyumba viwili na ukumbi. Nikasema twende wote.

SEREMALA: Nami nikakujibu.

MWALIMU: Ulijibu kwamba baba mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe. Tangu hapo ukawa unakula chakula chako huko karakanani.

SEREMALA: Kazi zilikuwa nyingi.

MWALIMU: Mimi nilikaa kwenye nyumba yako tangu siku ile tulipomzika. Watu walisema, mjane kijana, anangoja nini kwa mzee yule. Hukuwahi kuniuliza nangoja nini.

SEREMALA: Ningekuuliza ya nini?

MWALIMU: Basi na mimi sikuulizi ya msasa.

(mtandao unakwaruza kwa muda)

SEREMALA: Nakujibu hata kama hujauliza. Mkono ulianza kabla sijafikiri. Mkono huu ukiona kitu kimesuguliwa upande mmoja, unakwenda wenyewe, kama ng'ombe anayejua zizi. Hiyo ndiyo kweli ninayoijua. Lakini tangu umepiga simu, najiuliza na mimi.

MWALIMU: Usijiulize, baba.

SEREMALA: Huwezi kunikataza.

MWALIMU: Siwezi. Nakuomba tu. Leo sina nafasi ya kumwonea mtu huruma, hata wewe. Niambie nifanye nini.

SEREMALA: Hapo umesema. Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia. Unataka ule utando urudi kwenye nusu ya ncha.

MWALIMU: Ndiyo. Kitu chochote kitakachozuia umeme na kisiwe kinene.

SEREMALA: Vanishi ingefaa.

MWALIMU: Sina vanishi, na yako inakauka kesho.

SEREMALA: Gundi.

MWALIMU: Gundi itakwama kwenye pini.

SEREMALA: Karatasi ya — hapana. Subiri. Subiri kidogo, usikate. Kuna wanawake hapo?

MWALIMU: Wapo. Kwa nini?

SEREMALA: Waangalie mikono.

MWALIMU: Baba, huu si wakati —

SEREMALA: Waangalie kucha. Kuna mwenye kucha za rangi?

MWALIMU: Yupo dada mmoja, mwenye viatu vya kisigino. Kucha nyekundu.

SEREMALA: Nikikwaruza kabati jekundu la mteja, unajua naziba na kitu gani? Rangi ya kucha. Inakauka kabla hajamaliza kulalamika. Mama mkwe wako, Mungu amrehemu, alidhani namnunulia yeye, akashangaa mbona chupa inarudi karakanani.

MWALIMU: (anacheka) Rangi ya kucha. Ingezuia umeme, ndiyo. Ni kama vanishi.

SEREMALA: Basi mwombe.

MWALIMU: Siwezi.

SEREMALA: Kwa nini huwezi? Ulimi unao.

MWALIMU: Baba, yule ndiye anayenitangulia. Amekuja na pampu ya maji ya chupa za plastiki, nzuri kuliko zote. Tunagombea kiti kimoja. Nimwendee nimwambie, nisaidie nikushinde?

SEREMALA: Mwambie hivyo hivyo.

MWALIMU: Na akikataa?

SEREMALA: Mota yako itakuwa haizunguki, kama sasa hivi. Umepungukiwa nini?

MWALIMU: Nitaaibika.

SEREMALA: Utaaibika mbele ya mtu mmoja au mbele ya wale waliokaa ndani na miwani yao. Chagua.

(kokoto zinakwaruza)

SEREMALA: Umeenda?

MWALIMU: Nakwenda. Usikate.

SEREMALA: Sikati. Simu si yangu, salio si langu, nikate kwa nini?

(kokoto, sauti za watu kwa mbali)

SEREMALA: Haloo? Mwalimu? ... Mwambie kidogo tu, tone moja. ... Unanisikia? Hunisikii. ... Mlinzi, kama ni wewe umeshika simu, kaa mbali na ile sumaku, itakuharibia saa. ... Mm. ... Hapana, mama, mlango wako uko tayari, umebaki kukauka. Njoo kesho. Nasema kesho. Nipo kwenye simu, unaona nimeshika simu. Jambo la nyumbani. ... Haloo?

MWALIMU: Nimerudi.

SEREMALA: Amekataa.

MWALIMU: Ameipaka mwenyewe.

SEREMALA: Nani?

MWALIMU: Yule dada. Nilimweleza, akaniangalia, akafungua mkoba. Nilishika kibrashi kama jembe, rangi ingemwagikia koili nzima. Akaninyang'anya, akaipaka kama anayempaka bibi harusi. Akasema ataniachia na chupa, kwa sababu — ameitwa, baba. Ameingia na pampu yake.

SEREMALA: Ametenda utu.

MWALIMU: Ndiyo maana naumia. Sijui nimwombee nini.

SEREMALA: Mwombee apate kwingine. Ni dua halali. Amepaka nusu tu?

MWALIMU: Nusu tu. Nilimwambia koili ikisimama wima, rangi ikae upande wa chini wa ncha.

SEREMALA: Na ile ncha nyingine?

MWALIMU: Ile tumeiacha wazi kote. Ile ulikuwa sawa.

SEREMALA: Ile hata sikuigusa.

MWALIMU: Basi niseme ile nilikuwa sawa mimi.

SEREMALA: Sema. Leo sema tu.

MWALIMU: Naipuliza.

SEREMALA: Usiipulize kwa karibu, utaitemea mate. Ipepee.

MWALIMU: Napepea na cheti changu cha ualimu.

SEREMALA: Ndiyo mara ya kwanza kimefanya kazi tangu ulipokipata.

MWALIMU: (anacheka) Baba, jamani.

SEREMALA: Iguse kwa pembeni. Inanata?

MWALIMU: Hainati. Naiweka.

SEREMALA: Taratibu.

MWALIMU: Nimeiweka kwenye pini. Naipiga kidole kidogo ianze.

SEREMALA: Enhe?

MWALIMU: Imegeuka mara moja, imekwama.

SEREMALA: Ipige tena.

MWALIMU: Imekwama tena. Inashikwa kwenye pini. Baba, rangi imekaa nene, ina kinundu.

SEREMALA: Ikwangue kidogo, kinundu tu. Tumia ukucha.

MWALIMU: Sina ukucha, nimeutafuna.

SEREMALA: Tumia jino la ufunguo. Usibonyeze. Ni kama unafuta vumbi usoni kwa mtoto aliyelala. Hivyo. Usinijibu, fanya.

(mtandao unakwaruza)

MWALIMU: Kinundu kimetoka.

SEREMALA: Na rangi ipo?

MWALIMU: Ipo, nyembamba. Nairudisha. Baba, mlango wa chumba umefunguka. Yule dada anatoka.

SEREMALA: Usimwangalie yeye. Angalia pini.

MWALIMU: Karani ameshika karatasi, anasoma jina —

SEREMALA: Ipige kidole.

MWALIMU: Nimeipiga.

(mkwaruzo mdogo usiokatika)

SEREMALA: Mtandao umeharibika tena. Haloo? Nasikia mkwaruzo tu. Haloo?

MWALIMU: Si mtandao, baba.

SEREMALA: Nini?

MWALIMU: Nimeisogeza simu karibu. Sikiliza.

(mkwaruzo unaendelea)

SEREMALA: Ni yenyewe?

MWALIMU: Ni yenyewe. Inakwenda mpaka siuoni waya. Mlinzi amesimama kwenye tofali lake.

SEREMALA: Iache izunguke kidogo. Niisikie.

MWALIMU: Baba, wameniita. Lazima niitoe betri nibebe.

SEREMALA: Shika kibao, koili uifunge kwenye kitambaa, mbali na sumaku. Na ukifika mbele yao usianze kwa kuomba radhi. Fundi haombi radhi kabla kitu hakijavunjika.

MWALIMU: Nitawaeleza na ile nusu. Nitawaambia ncha ilipigwa msasa yote, mota ikakataa, tukaipaka. Ni somo zuri kuliko nililoliandaa.

SEREMALA: Utanitaja?

MWALIMU: Ukiniruhusu.

SEREMALA: Sema seremala mmoja.

MWALIMU: Nitasema baba yangu. Naam, nipo, nakuja. Baba, nakwenda.

SEREMALA: Mwalimu.

MWALIMU: Naam, baba, haraka.

SEREMALA: Hiyo nyumba ya chuo. Milango yake ni ya mbao au ya chuma?

MWALIMU: Sijui. Sijaiona.

SEREMALA: Ukitoka humo ndani, wakikupa wasikupe, kaitazame. Nyumba za kupewa milango yake hukwaruza sakafu, mtu mzima hapati usingizi.

MWALIMU: Baba, unataka kusema —

SEREMALA: Nasema habari ya milango. Nenda, watu wanakungoja.

MWALIMU: Nitaitazama. Nitaitazama, baba, nitakupi —

(simu inakatika)

SEREMALA: Haloo? ... Haloo? ... Upime na upana.